setInterval, setTimeout au saa ya sauti: uchague ipi kupima muda kwenye JavaScript

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama nyuma ya wanafunzi wawili kwenye kituo cha tuisheni, Sinza. Walikuwa wameanza pamoja mtihani wa majaribio wa dakika 40, mwalimu akiwahesabia: "Moja, mbili, tatu, bonyezeni!" Muda ulipokwisha, kioo cha binti wa kushoto kikasoma 00:00 na karatasi yake ikajifunga. Kijana wa kulia, mwenye kompyuta ya aina ileile na kivinjari kilekile, alikuwa bado amebakiwa na karibu dakika tano.

Mwalimu akanigeukia. "Fundi, huyu umemwongezea muda?"

"Hapana, mwalimu. Ngoja nione alichofanya."

Alichofanya ni kufungua kichupo kingine chenye faili la fomula, akakaa huko dakika kumi, kisha akarudi kwenye mtihani. Basi. Hakuwa na hila yoyote.

Programu ile niliiandika mimi, na kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja: setInterval inayoita kazi kila milisekunde 1000, na kazi hiyo kila ikiitwa inapunguza sekunde moja. Ukiusoma mstari wenyewe huoni ubaya wake. Lakini nilikuwa nimetumia kengele mahali pa saa. Kengele inakuamsha, saa inakwambia muda umefika wapi. JavaScript ina kengele za aina kadhaa na saa za aina kadhaa, na kabla ya kuuliza "ipi ni sahihi zaidi?" jiulize kwanza unatafuta kuamshwa au unatafuta kujua muda. Karibu makosa yote ya vipima muda niliyowahi kurekebisha, yangu na ya wenzangu, yalitokana na kuchanganya hayo mawili.

Kwa nini kengele huchelewa

Chukua saluni ya mtaani yenye kinyozi mmoja na kiti kimoja. Amekwambia uje saa kumi. Umefika saa kumi kamili, na kuna mtu kitini amenyolewa nusu kichwa. Utakaa kwenye benchi usubiri. Kinyozi hajavunja ahadi, kwa sababu alichokuahidi ni kwamba hutanyolewa kabla ya saa kumi.

Ukurasa wa wavuti una kinyozi mmoja vilevile. Ukiandika setTimeout(kazi, 100), milisekunde 100 zikipita kazi yako inaingia kwenye foleni, na itasubiri mpaka iliyopo kitini imalizike. Kama wakati huo programu inapanga orodha ya majina elfu hamsini na inachukua nusu sekunde, kengele zako zote zitasubiri nusu sekunde hiyo. Namba unayoandika ni muda wa chini kabisa wa kusubiri. Wa juu hakuna anayekuahidi.

Juu ya hapo vivinjari vina sheria zake. Kengele zikiitana zenyewe kwa zenyewe zaidi ya mara tano, muda mfupi kabisa unakuwa milisekunde 4, hata ukiandika sifuri. Kichupo kikiwa nyuma, kengele hubanwa zisilie zaidi ya mara moja kwa sekunde. Chrome ilikaza zaidi kuanzia toleo la 88, Januari 2021: ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika tano, usiotoa sauti, kengele zake zinazojirudia huruhusiwa mara moja tu kwa dakika. Nia yao ni njema, kwa sababu vichupo vilivyosahaulika vinakula betri bure.

Sasa rudi kwa yule kijana. Dakika tano za mwanzo alipokuwa kwenye fomula, hesabu iliendelea kushuka sekunde kwa sekunde. Dakika tano za pili kengele ililia mara tano tu badala ya mara 300. Sekunde 295 hazikuhesabiwa, yaani dakika 4 na sekunde 55. Kivinjari kilifuata sheria yake. Mimi ndiye niliyehesabu milio ya kengele nikidhani nahesabu muda.

Saa: Date.now au performance.now

Date.now inakupa milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa. Uzuri wake ni kwamba inaeleweka nje ya mashine yako: unaweza kuiweka kwenye hifadhidata leo, ukaisoma mwakani kwenye seva nyingine, ikabaki na maana ileile. Udhaifu wake ni kwamba inafuata saa ya mashine, na saa ya mashine husogezwa. Simu ikijilinganisha na mtandao inaweza kuruka mbele au kurudi nyuma. Mwanafunzi akiingia kwenye mipangilio ya simu na kurudisha saa nyuma dakika kumi, umempa dakika kumi.

performance.now huanza kuhesabu ukurasa unapofunguliwa, na hairudi nyuma kamwe, hata mtu akichezea saa ya simu namna gani. Inatoa pia sehemu za milisekunde, ingawa si kwa ukali wote ambao mashine ingeweza. Baada ya udhaifu wa vichakataji uitwao Spectre kutangazwa Januari 2018, vivinjari viliipunguza makali kwa makusudi, kwa kuwa saa kali mno ilikuwa chombo cha kuibia siri. Kwenye Chrome ukurasa wa kawaida huipata kwa hatua za maikrosekunde 100, na hiyo inatosha kwa karibu kila kazi ya kawaida. Kasoro zake ni mbili. Ukurasa ukipakiwa upya inaanza sifuri, kwa hiyo haifai kulinganishia mashine mbili. Na kwenye baadhi ya mashine husimama kompyuta mpakato ikifungwa na kulala.

Kwa hiyo: kipindi kifupi ndani ya ukurasa mmoja, performance.now bila kusita. Jambo linalohusu tarehe au saa ya ukutani, Date.now. Jambo ambalo mtu ana sababu ya kulidanganya, kama mtihani au mnada, usiamini hata moja kati ya hizo. Iamini saa ya seva.

Ule mtihani niliuandika upya hivi. Mwanafunzi akibonyeza kuanza, seva inatunza saa ya mwisho na kumtumia milisekunde zilizobaki. Ukurasa unasoma performance.now mara moja na kuitunza. Kila inapotakiwa kuonyesha muda, inachukua zilizobaki, inazipunguza kwa tofauti ya performance.now ya sasa na ile ya mwanzo. Mwanafunzi akitoka kwenye kichupo na kurudi, tukio la visibilitychange linaiuliza seva upya, na hapo hata kompyuta iliyokuwa imelala inasahihishwa. Majibu yakifika seva baada ya muda, hayapokelewi. Namba iliyo kwenye kioo ni ya kumsaidia mwanafunzi kujipanga tu, na uamuzi wa kufunga karatasi uko seva.

setInterval au setTimeout inayojirekebisha

Ukishakuwa unasoma saa, setInterval haina ubaya kwa kazi ya kuonyesha muda. Shauri moja tu: usiiite kila milisekunde 1000. Ikichelewa kidogo kidogo, itafika mahali sekunde moja itarukwa kwenye kioo, mtu ataona 12, 11, kisha 9, na atadhani kapunjwa. Iite kila milisekunde 250, isome saa, iandike tu pale namba ilipobadilika.

Pale unapohitaji mdundo wenyewe usihame, setInterval haitoshi. Baadhi ya injini zinazoendesha JavaScript hujirekebisha, nyingine hapana. Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, huanza kuhesabu upya kila mzunguko unapopita, kwa hiyo ucheleweshaji unajumlika. Ikichelewa milisekunde moja tu kwa kila sekunde, kwa siku nzima ni sekunde 86. Dawa ni setTimeout inayojipangia mlio unaofuata kwa kutazama lengo:

```
const hatua = 1000;
let lengo = performance.now() + hatua;

function piga() {
  fanyaKazi();
  lengo += hatua;
  const bado = lengo - performance.now();
  setTimeout(piga, Math.max(0, bado));
}

setTimeout(piga, hatua);
```

Mlio huu ukichelewa milisekunde 12, unaofuata utasubiri 988, na mdundo unabaki kwenye mstari. Lakini angalia kitu ambacho mifano mingi hukiacha: ukurasa ukikaa nyuma dakika kumi kisha ukarudi, lengo litakuwa limeachwa mbali, na piga itaitwa mfululizo mara mia kadhaa ikijaribu kufidia. Kama fanyaKazi inatuma kitu kwenye seva, utajuta. Ongeza sharti: bado ikiwa imepita chini ya sifuri kwa zaidi ya hatua moja, sogeza lengo mbele mpaka wakati wa sasa na uiache ile milio iliyopotea.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda setTimeout, na hapa kwetu ni kubwa kuliko hiyo ya mdundo. Tuseme unaiuliza seva kila sekunde tano kama malipo yameingia. Mtandao ukisuasua, jibu linachukua sekunde nane. setInterval haijali, itatuma ombi la pili kabla la kwanza halijarudi, kisha la tatu, na bando la mteja linaisha kwa maombi yanayosukumana. Ukitumia setTimeout na kuipanga upya baada ya jibu kufika, daima ombi ni moja tu.

requestAnimationFrame, na chumba cha nyuma

Kwa kitu kinachosogea kwenye kioo, requestAnimationFrame haina mpinzani. Inakuita kabla kioo hakijachorwa upya, kwenye vioo vingi mara 60 kwa sekunde, sawa na kila milisekunde 16.7. Usidhani ni 60 kila mahali. Simu nyingi sasa ni 90 au 120, na ukisogeza kitu kwa kipimo kilekile kila unapoitwa, kwenye simu ya 120 kitakimbia mara mbili. Tumia ule muda inaokupa mkononi. Kichupo kikifichwa inasimama, kwa hiyo mtihani usiutundike hapo.

Worker ni kama kumwajiri kinyozi wa pili chumba cha nyuma. Kengele zake hazizuiwi na kazi nzito za ukurasa, na kwa kawaida vivinjari havizibani kama vile vinavyobana za kichupo kilicho nyuma. Ila ujumbe ukitoka chumba cha nyuma kuja kwenye ukurasa, unaingia foleni ileile ya mbele. Na simu ikiamua kusitisha kivinjari kizima, vinyozi wote wawili wamelala.

Kuhusu setTimeout yenye sifuri, queueMicrotask na setImmediate sitakaa sana. Hizo hazipimi muda. Zinapanga nani atangulie. queueMicrotask inapita kabla ya kengele yoyote, setTimeout yenye sifuri inakaa foleni na wengine, na setImmediate ni ya Node. Ukijikuta unachagua kati yao kwa ajili ya usahihi wa muda, umepotea njia.

Singeli: hapa milisekunde zinasikika

Rafiki yangu mmoja ni prodyuza Manzese. Alitaka kipiga mapigo kwenye kivinjari ili vijana wafanyie mazoezi kwa simu, bila kununua programu. Singeli inakimbia, mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Tulichukua 240. Pigo moja linakuwa milisekunde 250, na ukiligawa mara nne, kama hi-hati, zile sahani za ngoma, inavyotaka, ni 62.5.

Nikaweka setInterval ya 62.5. Akasikiliza, hakumaliza hata dakika. "Kaka, hii inamkimbiza mwimbaji."

Alikuwa sahihi, na sikio lake lilikamata kosa ambalo jicho langu halikuliona. Kengele za JavaScript hazipokei nusu milisekunde, 62.5 inakatwa inakuwa 62. Milio ni 960 kwa dakika, na kila mmoja umewahi kwa nusu milisekunde. Baada ya dakika moja mdundo uko mbele milisekunde 480, karibu mapigo mawili kamili. Hapo sijahesabu ucheleweshaji wa foleni, ambao unaufanya mdundo upepesuke hata pale wastani ulipo sawa. Sikio halisamehe mpepesuko. Jicho likiona namba imechelewa milisekunde 30 halishtuki, ila kwenye hi-hati inayopiga mara 16 kwa sekunde, 30 ni karibu nusu ya nafasi nzima.

Hapa ndipo saa ya sauti inapozishinda zote. Kivinjari kina mfumo wa sauti wenye saa yake, AudioContext, na currentTime yake inahesabiwa na mtambo unaolisha spika. Sauti ikiwa na sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, unaweza kuiambia sauti ianze kwenye sampuli unayoitaka, na itaanza hapo, hata kama ukurasa uko kwenye kazi nzito. Kwa sababu uzi wa sauti, yaani njia inayoendeshea kazi zake, ni mwingine. Haukai kwenye benchi la kinyozi.

Kanuni inayofanya kazi ni kuoanisha viwili. Unaweka setTimeout ya milisekunde 25, kengele ya kawaida kabisa, na kazi yake ni kutazama mbele milisekunde 100: mapigo gani yanaangukia ndani ya dirisha hilo na bado hayajapangwa? Inayapanga kwa start na wakati wake kamili wa saa ya sauti, kisha inalala. Kengele ikichelewa milisekunde 50 hakuna anayesikia, kwa sababu mapigo ya muda huo yameshakabidhiwa kwa mfumo wa sauti. Ukilitanua dirisha unapata usalama zaidi, lakini mtu akibadilisha kasi atasubiri kidogo kabla haijabadilika. Kwenye simu za bei ya chini nilipanda hadi 150, rafiki yangu akaridhika.

Jambo moja litakusumbua siku ya kwanza: AudioContext kwa kawaida huanza ikiwa imesimamishwa mpaka mtumiaji aguse kitu. Weka kitufe cha "Anza" na uiamshe hapo kwa resume.

Siku na miezi: setTimeout au saa ya hifadhidata

Hili ndilo lililonigharimu zaidi. Kikundi kimoja cha akina mama, Mbagala, kiliniomba kiwe kinakumbushwa michango yake ya kikoba kwa meseji kila baada ya siku 30. Nikaandika kwenye Node: tuma meseji, kisha setTimeout ya siku 30 ijiite tena. Siku hiyohiyo simu ikaita. Mweka hazina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu zetu haziishi kuita. Meseji ileile, ileile. Tunadaiwa nini?"

Siku 30 ni milisekunde 2,592,000,000. Kengele ya JavaScript inatunza muda kwenye namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi, na mwisho wake ni 2,147,483,647, yaani siku 24, saa 20 na dakika 31. Ukizidisha, Node inaandika onyo na kuugeuza muda wako kuwa milisekunde 1. Onyo lilikuwepo, sikulisoma. Meseji zilitoka mfululizo mpaka salio likakatika. Nilimrudishia mama gharama yake, na nilikwenda mwenyewe kuwaeleza.

Hata kama kikomo hicho kisingekuwepo, setTimeout haifai kwa siku. Inaishi kwenye kumbukumbu ya programu. Umeme ukikatika, seva ikiwashwa upya, umeweka toleo jipya la programu, kengele zote zimefutika na hakuna atakayekwambia. Kwa chochote kinachozidi saa moja au mbili, andika tarehe ya kutuma kwenye hifadhidata, kisha kila dakika programu iulize: nani muda wake umefika na bado hajatumiwa? Ikituma, iweke alama. Umeme ukikatika saa mbili, ukirudi swali lilelile litawakuta waliorukwa.

cron, programu ya mashine inayoendesha kazi kwa ratiba, inaweza kukuamshia swali hilo, nami naipendelea kuliko kengele ndani ya Node. Ila cron peke yake bila hifadhidata ina pengo: mashine ikiwa imezimwa dakika ile iliyopangwa, cron ya kawaida haifidii. Na seva nyingi za kukodi zimewekwa kwenye UTC. Sisi tuko saa tatu mbele na hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo ukipanga saa 08:00 kwenye seva ya UTC, meseji itafika Dar es Salaam saa tano asubuhi badala ya saa mbili. Andika 05:00, au taja eneo la Africa/Dar_es_Salaam pale chombo chako kinapokuruhusu. Na ukitaka kumwandikia mama wa kikoba "kesho saa mbili asubuhi", ile tofauti ya saa sita ya Kiswahili ifanyie mwishoni kabisa, kwenye maneno ya meseji. Ikiingia kwenye hifadhidata utakuja kupunguza sita mara mbili.

Kabla hujakabidhi kazi

Vipima muda haviharibiki kwenye meza yako, kwa sababu wewe unakaa umekitazama kichupo chako. Kwa hiyo sasa nina desturi. Nafungua ukurasa, naenda kichupo kingine dakika kumi, narudi na kulinganisha na saa ya mkononi. Narudisha saa ya simu nyuma nusu saa katikati ya hesabu. Nafunga kompyuta mpakato, nanywa chai, naifungua. Seva naizima katikati ya kusubiri na kuiwasha. Programu ya muziki naijaribu kwenye simu ya bei ya chini kabisa niliyonayo, nikiwa nimefungua ramani na video pembeni, huku prodyuza akisikiliza na mimi nikiwa nimenyamaza.

Kule Sinza nilirudi Jumamosi mbili baadaye. Niliwaomba wale wanafunzi wawili wakae palepale, nikamwambia kijana afungue faili lake la fomula na akae nalo anavyotaka. Karatasi zikajifunga pamoja.